Ushauri: nimuonyeshe mpwa wangu hii anime ya Frieren au niachane nayo?

Mjomba_wa_Ujiji:
Wakuu habari za jioni. Naishi na mtoto wa dada yangu hapa Ujiji, yuko darasa la tano. Dogo ni mgonjwa wa katuni za Kijapani, zile za kupigana mpaka milima inapasuka. Juzi jamaa wa duka la muvi kaniwekea Frieren kwenye flashi, eti "ya safari na uchawi, mtoto ataipenda". Ilianza kurushwa Japani 2023, ila kwangu ndiyo mpya.

Nimeangalia epi mbili peke yangu. Nilikaa nikisubiri vita, kumbe vita vimeshaisha! Mashujaa wanne wanarudi nyumbani, Mfalme wa Mashetani walishamuua, safari yao ya miaka kumi imekwisha. Wanatazama vimondo, wanaahidiana kuvitazama tena baada ya miaka hamsini, Frieren, mchawi wa kundi lao, anaondoka zake kukusanya vijiuchawi. Yeye ni elfi, kiumbe wa hadithini anayeishi miaka mingi mno, ameshaishi zaidi ya miaka elfu, hamsini kwake si kitu. Anaporudi, Himmel, yule shujaa kijana mwenye maringo, amekuwa kizee chenye kipara. Haichukui muda yuko kwenye jeneza. Watu wanamnong'ona Frieren mbona halii. Halafu palepale mazishini machozi yanamtoka: amesafiri na mtu miaka kumi, wala hakujishughulisha kumjua.

Sasa tatizo langu. Mwezi uliopita tumemzika baba yangu, babu yake dogo. Hata arobaini bado. Walikuwa wanalala chumba kimoja. Siku ya mazishi dogo hakutoa chozi, na watu wazima walimsema, nikasikia. Hiyo epi ilinikaba koo. Nimuonyeshe? Na huko mbele kukoje? Naomba kuwasilisha.

Mgebuka_Mbichi:
Pole kwa msiba mkuu. Ila hiyo kitu inalaza. Epi ya pili wanatafuta maua! Mpe dogo mpira akacheze.

Fundi_Redio:
Mgebuka, wewe bila ngumi huoni muvi. Hayo maua ndiyo utamu wenyewe, Himmel aliwahi kuyataja zamani na Frieren anayatafuta miaka mingi baada ya mwenzake kufa.

Mjomba, pole sana. Usiihukumu kwa epi mbili. Nne za kwanza zilirushwa zote usiku mmoja, tarehe 29 Septemba 2023, na nadhani walijua wanachofanya, maana ya nne ndiyo inayokwambia safari inaelekea wapi: kaskazini kabisa, mahali roho zinapopumzika, Frieren akaongee na Himmel. Sizoni ya kwanza ina epi 28.

Ila flashi usimwachie. Kuanzia ya 7 hadi ya 10 mashetani wanaingia kazini. Wamejifunza maneno ya binadamu ili wamnase, kuna katoto ka kishetani kanaita "mama" na hakajui mama ni kitu gani. Kuna jeshi la maiti zisizo na vichwa. Ya 10 Frieren anamwamuru adui yake ajiue, na anajiua kweli. Mimi mtu mzima nilirudisha nyuma kuhakikisha.

Mama_Wawili:
Poleni, Allah amrehemu mzee. Mimi uchawi wa katuni haunitishi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo safari ya kwenda kuongea na marehemu. Dogo atakuuliza mbona sisi hatuendi kwa babu. Uwe na jibu kabla hujawasha TV, usianze kutafuta maneno mtoto anakukodolea macho. Na hao waliomsema kwa kutolia, kaka, kawaambie wakome. Wangu alilia baada ya miezi, tena kwa sababu ya kikombe cha bibi yake.

Kijana_wa_Kibirizi:
Frieren ni Liemba tu jamani, ile meli ya Ziwa Tanganyika 😂 Imeundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, imebeba mababu na wajukuu zao, yenyewe ipo. Mjomba, kama unataka dogo acheke tafuta Dungeon Meshi, humo wanapika mazimwi.

Fundi_Redio:
Dungeon Meshi inaanza na dada wa mtu kumezwa na joka. Unaipeleka kwenye nyumba ya msiba? Una utani wewe.

Mjomba_wa_Ujiji:
Ahsanteni wakuu. Jana nimemaliza ya nne, na dada Mama Wawili amegusa penyewe. Nitaangalia naye Jumamosi mchana, mimi nikimtafsiria, maana maandishi ni ya Kiingereza. Pakifika pa kuongea na roho nitamwambia hao wana yao, sisi babu tunamsomea dua, na akitaka tutakwenda wote kaburini. Akisema zima, nazima.

Fundi, hizo za 7 hadi 10 nizifute?

Fundi_Redio:
Usifute, zihamishie kwenye simu yako, utazitaka mwenyewe. Ya 6 mwachie, kuna kijana mwoga balaa anaitwa Stark anapambana na joka. Hapo dogo atapata ngumi zake.

Mgebuka_Mbichi:
Joka lipo? Mbona hamkusema mapema. Nani ana flashi?