Binti wa kidato cha sita kaniuliza: kromosomu zinasubiri nini? Naomba ushauri

Mwl_Kiboriloni:
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha baiolojia hapa Moshi. Tulipofika mgawanyiko wa seli, pale kromosomu (vifurushi vya DNA) zinapogawanywa, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kama nyuzi zinazivuta kromosomu tangu zimejipanga katikati, mbona haziachani hapo hapo?" Kitabu kinasema tu "zinatengana", kikapita. Swali zuri hivi sitaki kulizima kwa sentensi moja. Mngemwelezaje? Nawasilisha.

Maabara_Sakina:
Mwalimu, huyo binti kagusa penyewe. DNA ikishanakiliwa, nakala mbili hushikwa pamoja na kohesini, protini yenye umbo la pete inayozizunguka zote mbili. Mikrotubuli, yaani hizo nyuzi, zinavuta huku na huku, lakini pete hazijaachia. Mkasi wa kuzikata upo, unaitwa separasi, ila umebanwa na protini nyingine, sekurini. Sekurini ikiharibiwa, separasi inakuwa huru, inakata pete, na nakala zote zinaachana karibu kwa mpigo.

Dada_Himo:
Ongezea na kinachochelewesha sekurini kuharibiwa, maana utamu uko hapo. Binadamu ana kromosomu 46. Hata moja tu ikiwa haijashikwa na uzi, protini kama Mad2 zinatoa ishara ya kuzuia na seli nzima inasubiri. Mtajie vinkristini pia, dawa itokanayo na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska. Inavuruga mikrotubuli, seli za saratani zinakwama kwenye kusubiri huko. Mdogo wangu alitibiwa nayo saratani ya damu, ndiyo maana somo hili nalipenda sana.

Mzee_Ngaramtoni:
Pole kwa mliyopitia, dada. Mwalimu, waoteshe mizizi ya kitunguu maji, wachukue ncha tu, waloweke kwenye asidi, watie rangi, wabonyeze taratibu kwenye kioo. Kitunguu kina kromosomu 16, zinaonekana vizuri. Seli nyingi zitakuwa hazigawanyiki, kwa hiyo wahimize watafute kwa subira zile zilizojipanga katikati.

Mwl_Kiboriloni:
Asanteni sana. Najua ataniuliza na hili: kwenye meiosisi ya kwanza (hatua ya kwanza ya mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi), mbona nakala zinabaki pamoja wakati separasi imeshafanya kazi?

Maabara_Sakina:
Kohesini ya kwenye mikono ya kromosomu inakatwa, ya sentromea (pale nakala mbili zinapobana) inalindwa na protini iitwayo shugoshini. Ulinzi huo unaondoka meiosisi ya pili, ndipo nakala zinaachana.