Bendi yetu ya roki: tusaini mkataba au tubaki wenyewe?

Wakuu, naomba ushauri. Napiga besi kwenye bendi ya watu wanne, mwaka wa 6 sasa. Albamu 2 tumejirekodia, na sahani za santuri tunazifunga kwenye bahasha sisi wenyewe, sakafuni, usiku baada ya kazi. Kampuni moja imetuletea mkataba: watalipia studio, ila rekodi ziwe mali yao. Mpiga gitaa anataka tusaini kesho. Mimi roho inasita. Kuna bendi iliyofika mbali bila kampuni kubwa?

Jibu 1: Ipo, Fugazi ya Washington. Walianza kupanda jukwaani 1987, na albamu zao zote zilitoka Dischord, lebo (yaani kampuni ya kutoa muziki) ambayo Ian MacKaye, mmoja wa waimbaji wao, aliianzisha na mwenzake 1980. Kiingilio mara nyingi kilikuwa dola 5 tu. Hadi 2002 walishapiga maonyesho zaidi ya 1,000. Nawapenda hawa jamaa, sifichi.

Jibu 2: Ndugu, hiyo pesa ya studio kwa kawaida ni mkopo. Inakatwa kwenye mgao wenu kwanza, ndipo muone senti. Ulizeni: rekodi zitarudi kwenu baada ya miaka mingapi? Kama kifungu hicho hakipo, kiombeni kiandikwe.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimeupekua mkataba wote mezani, kurasa 14, hakuna mahali panaposema zitarudi. Leo mazoezini namwonyesha mpiga gitaa kabla hatujawasha amplifaya.