Re: Chuo cha muziki wamemhesabu binti yangu mgeni

Mama wa Leicester, Jumanne
Assalamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu kapata nafasi ya BMus (shahada ya muziki), fidla, usaili alifaulu tangu Desemba. Jana imekuja barua ya ofisi ya ada: wamemhesabu mgeni, si mkaazi wa Uingereza. Badala ya £9,535, ada ya mkaazi ya 2025/26, tunadaiwa karibu mara tatu, na mkopo wa serikali wa wanafunzi (SFE) hapati. ILR (ruhusa ya kuishi hapa daima) anayo, eVisa nimewapelekea, mimi na baba yake raia. Aliingia kutoka Unguja katikati ya Septemba 2022 na masomo yanaanza mwisho wa Septemba 2025, miaka mitatu ya ukaazi wanayoitaka imetimia na ziada. Niandike rufaa au aahirishe mwaka? Akiahirisha, nafasi inabaki au anafanyiwa usaili upya? Wanataka jibu Ijumaa.

Mjomba, Milton Keynes
Wa alaykum salaam dada. Hawahesabu siku ya darasa la kwanza. Kozi inayoanza baina ya Agosti na Desemba, siku yake kwa kanuni ni 1 Septemba. Mtoto kapungukiwa wiki mbili. Yalimkuta mwanangu mkubwa, anayesomea uuguzi. Tulipeleka tiketi ya ndege, barua ya daktari (GP), barua ya skuli, tukajibiwa mstari mmoja.

Shangazi wa Northampton
Mjomba, usimkatishe tamaa mwenzio. Mwanangu alipewa ada ya mkaazi hata miaka miwili hajamaliza hapa.

Mjomba, Milton Keynes
Mwanao alikuja kwa hadhi ya ukimbizi, bi dada. Mkimbizi hadaiwi miaka mitatu. Usichanganye watu, huyu mama ana siku tatu tu za kuamua.

Mwanafunzi, Manchester
Shikamooni. Mama, akibaki nje mwaka huu asikae bure. Amalize Grade 8 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki; akipata distinction ni pointi 30 za UCAS, zile za kuombea vyuo. Na Grade 5 ya nadharia ni lazima kabla ya Grade 6 kwenda juu. Mwaka wa kwanza hapa ni harmonia ya sauti nne kwa mtindo wa Bach, mazoezi ya sikio, historia, na kila wiki unapiga mbele ya wenzako wanakuchambua. Aliyekuja na vidole tu, nadharia hana, hulia mwezi wa Novemba. Nimewaona.

Mwalimu wa piano, Reading
Kijana, sema yote. ABRSM wanakubali pia Grade 5 ya jazz ya kupiga peke yako, au mtihani wao wa Practical Musicianship. Trinity, bodi nyingine ya mitihani, hawadai nadharia kabisa. Na vyuo vya muziki vinatazama usaili kwanza, pointi baadaye. La muhimu kwa mama, ikibidi aombe upya: maombi ya vyuo vya muziki (UCAS Conservatoires) hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, si Januari kama vyuo vingine. Kila mwaka napigiwa simu na mzazi wetu mwezi wa Disemba, nafasi zimeshakwenda.

Mpiga udi, Birmingham
Huyo binti kajifunza wapi fidla? Kama ni kwenye taarab, ajitayarishe. Mimi katika mtihani wa sikio niliimba Rast, mojawapo ya maqam (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu), noti ya tatu nikaiweka pale inapokaa, baina ya mi bemoli na mi. Mwalimu akaandika kwamba nimetoka nje ya sauti. Noti ile nimeisikia tangu tumboni mwa mama yangu. Muhula mzima nilikuwa nawaeleza kwamba maqam ni nadharia kamili, ina kanuni zake na historia ndefu. Mwisho wakaniruhusu kuandika insha ya historia juu ya taarab.

Mama wa Leicester
Kajifunzia DCMA, chuo cha muziki cha Unguja, kisha kwa mwalimu hapa. Ndugu zangu, kuhusu kuahirisha?

Mzee, London
Mpiga udi umenigusa. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani zikauzwa pwani nzima, na mtoto wetu anafundishwa historia ya muziki hasikii hata jina lake. Lakini lawama tuanze nazo nyumbani. DCMA ilifunguliwa 2002 pale Mizingani, na tangu hapo ni kuomba wafadhili wa nje. Serikali inapata fedha za tamasha na wageni, ya kumlipa mwalimu wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, haipatikani? Usiku nikikosa usingizi nayasikia mazoezi ya Culture, klabu ya taarab, kule Vuga, mlango wazi, watoto tumekaa barazani.

Mwalimu wa piano, Reading
Mzee kwa heshima, si kweli kwamba hakuna kitu. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ndiyo TaSUBa ya leo, na ni cha serikali.

Mzee, London
Bagamoyo naijua, mwanangu. Nazungumzia Unguja. Mtoto wa Makunduchi anayetaka kanuni utampeleka Bagamoyo?

Shangazi wa Northampton
Mzee kasema haki. Idi hii tukodi ukumbi, huyo binti aje na fidla yake.

Mpiga udi, Birmingham
Mimi nipo. Anayetoka Unguja kabla ya Idi aniletee nyuzi za udi, za hapa zinakatika. Namba yangu nitampa pembeni.