Nina stashahada, naombaje shahada?

Mtoto wa Ngamiani: Shikamooni wakuu. Nina stashahada, GPA (wastani wa ufaulu) 3.2, kidato cha nne 2015. Niombe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au vyuoni moja kwa moja? Jina la cheti cha kuzaliwa linapishana herufi moja na la cheti cha nne.

Bandarini: Marahaba. Unaomba vyuoni, TCU inaratibu na kuhakiki tu. Kwanza pata AVN, yaani namba ya uhakiki wa stashahada yako, kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), bila hiyo fomu ya chuo haisongi. Omba mapema! Chuo chako cha stashahada kisipokuwa kimepeleka matokeo yako NACTVET, mfumo wao hautakuona, na dirisha la maombi halitakusubiri. Kima cha chini ni GPA 3.0 na ufaulu wa D nne kidato cha nne, ila kozi nyingi zina masharti yake. Soma mwongozo wa TCU ulio wa watu wa stashahada, si ule wa kidato cha sita. Wengi huangukia hapo.

Mama Chumbageni: Mwanangu, jina ujaze kama lilivyo kwenye cheti cha nne, namba ya mtihani na mwaka vilevile. Tofauti ya herufi, nenda kwa wakili ukale kiapo. Ukitaka mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo), cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kwanza.

Bandarini: Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwa ujumbe wa simu. Basi usibadili laini.

Mtoto wa Ngamiani: Laini imesajiliwa kwa jina la kaka…

Bandarini: Tafuta yako leo.