Naanza kemo Jumatatu na mume ni dereva wa Noah, tutaishije na hii korona?

mamaBrayo_mjengo (Mei 2020)
Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, saratani ya titi, upasuaji nilishafanyiwa mwezi wa pili, Jumatatu naanza kemo (dripu za dawa za saratani) hospitali ya KCMC dozi nne kila baada ya siku 21. Sindano siziogopi kivile, naogopa korona. Baba Brayo anaendesha Noah ya Moshi-Arusha, kutwa yuko na abiria, na akipaki gari tutakula nini? Jana nimekuta kashahamishia godoro sebuleni bila kuniambia, mlangoni kaweka ndoo ya koki na sabuni kaining'iniza ndani ya soksi, nikacheka halafu nikalia. Waliopitia, mliishije?

mkamwana_wa_kibosho
Pole dada angu. Mi nilimaliza mwaka jana kabla ya haya mambo. Kwanza nunueni kipimajoto, kikisoma 38 usimeze panado ukajifunika blanketi, nenda hospitali hata iwe saa nane usiku. Siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dripu ndo chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, zinashuka sana, hapo ndo shemeji alale sebuleni na wageni wakome. Na wageni wa huku kwetu unawajua, saa mbili asubuhi mtu kafika na hotpoti ya mtori na watoto watatu. Shemeji asimame getini apokee mtori, ashukuru, afunge geti. Alafu uchemsheni tena kabla hujanywa. Ukipewa ile dawa nyekundu mkojo utatoka mwekundu, usipige kelele kama mimi.

babu_jeki
Nyungu mama, mwarobaini na mchaichai asubuhi na jioni, korona haikugusi

mkamwana_wa_kibosho
Babu acha bana, nyungu haizuii korona, na kemo ikishamtoa vidonda mdomoni huo mvuke ataupitisha wapi? Na mitishamba mingine inagombana na dawa, amuulize daktari kwanza

suka_mstaafu
Na mimi wife yuko kwenye kemo, tuliongea hivihivi. Siku hizi nikirudi navua nguo stoo, zinaingia kwenye beseni la omo, naoga ndo naingia ndani, barakoa sivui hata nikimpelekea chai. Hospitali tuliyoenda msindikizaji hakuruhusiwa, nilikaa kwenye gari masaa manne tunachati, akanitumia picha ya dripu kaandika "imefika nusu". Kwahiyo mama Brayo abebe chaji, khanga na kijiko cha plastiki, cha chuma wife alisema kinamletea ladha ya msumari. Na damu inapimwa kabla ya kila dozi, chembe zikiwa chini wanaahirisha, mjiandae na hilo maana sisi lilituvuruga sana

mamaBrayo_mjengo
Asanteni jamani, nimemsomea yote. Godoro limerudi chumbani mpaka siku ya 7. Vipimajoto kanunua viwili, eti kimoja cha kwenye gari