Naomba ushauri: Muvi ya Matango ya 1963, nitafute ya Kijapani?

Wadau habari zenu, jana usiku nimecheki Matango, ile muvi ya Kijapani ya 1963 ya Ishirō Honda, yule yule wa Godzilla, watu saba boti yao inapigwa na dhoruba wanatupwa kisiwani, msosi shida, uyoga ndo umejaa kila kona na ukiula unageuka uyoga wewe mwenyewe, asee! Kilichonimaliza ni ile meli mbovu imejaa ukungu halafu ndani hakuna kioo cha kujitazama hata kimoja. Sasa niliyoona imedabiwa Kiingereza, sauti zinachekesha kinoma, hofu yote inakata. Nitafute ya Kijapani yenye sabtaito au ni yale yale tu? Na mdogo wangu wa miaka 11 anaitaka, nimwachie kweli? Mwenzenu uyoga wa waifu umelala kwenye friji tangu jana, sijaugusa.