Bushi ya naironi yenye glasi inakula shafti, shida iko wapi?

konveya_254: Wadau habari. Niko Kariobangi Light, tunarekebisha konveya za kiwanda fulani cha unga. Bushi (zile pete ambazo shafti, yaani mhimili, inazungukia ndani) za naironi ya kawaida zilikuwa zinaisha mbio, muuzaji akasema tuchukue ile ina fiba za glasi asilimia 30 eti ndio ngumu. Bushi kweli imesimama poa lakini sasa shafti ndio inaliwa, ukipitisha kucha unasikia mitaro kabisa. Shafti ni chuma laini ya kawaida na gresi hatuweki juu unga utashika. Nani amekutana na hii?

fundi_leithi: Pole buda. Kubeba mzigo na kuvumilia kusuguana ni vitu viwili tofauti, na wauzaji hapo hawakuambii. Naironi ikishalika kidogo pale juu, ncha za fiba zinabaki zimechomoza na glasi ni ngumu kushinda hiyo chuma yako, so bushi imegeuka msasa. Zile zinakatika nazo zinabaki humo ndani zinaendelea kusaga.

mama_plastiki: Chukua yenye tefloni ama grafaiti. Hizo zinapaka shafti utando mwembamba sana, kisha plastiki inateleza juu ya plastiki mwenzake. Ndio maana shafti usiipige polishi hadi ing'ae kama kioo, huo utando unataka mahali pa kushika, lakini ukiacha alama za leithi (mashine ya kuchonga chuma) pia itakwaruza bushi. Na usiruke ukanunue tefloni tupu, inateleza vizuri lakini inaisha vibaya sana, ndio sababu huwa wanaichanganya na kaboni, bronzi, hata hiyo hiyo glasi, ila ikiwa na glasi shafti lazima iwe imechomwa ikawa ngumu.

Otis_wa_mashine: Mmesahau joto. Plastiki haipitishi joto, chuma inaipita kama mara 200, kwa hivyo joto la msuguano linakaa palepale na naironi inalegea mapema kabla hata ya kufika ile digrii 220 hivi ya kuyeyuka. Halafu naironi hunywa maji ikavimba, mkiosha mashine na bushi imebana, itashika shafti. Wacha nafasi kiasi.

konveya_254: Sawa, nimeshika. Shafti nikiichonga upya, hizi bushi naweza rudisha kwanza zimalize kazi?

fundi_leithi: Zii, tupa. Vumbi ya chuma na glasi imeshadunga ndani ya hizo bushi, utachonga shafti tena mwezi ujao.